Serikali Imesema Sori

Hapo juzi, si kale wala si zamani, paliondokea nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali, na mtoa vibali yuko safarini. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri wengi kuliko madaktari, na wananchi watulivu ambao wakiambiwa wasubiri, huuliza tu kama wasubiri wamesimama au wamekaa.

Nchi hiyo ilikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa la lugha. Watu wake walikuwa na maneno mengi mno ya kujutia. Mtu akiumia aliambiwa pole. Ukitaka kupita mbele ya watu ulisema samahani. Ukiagana na mzazi ulimwomba radhi. Na kama wewe ndiye uliyevunja chungu cha mtu, au mguu wa mtu, ulilazimika kusema nisamehe, nimekosa, kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya huyo uliyemkosea, ukiwa umevua viatu. Hilo la mwisho liliisumbua sana serikali. Ilikuwa haijawahi kulitumia, na haikujua viatu vyake ingeviweka wapi.

Ndipo Mheshimiwa Daktari Mfaume Ngwale, Waziri wa Utulivu, Maji na Mengineyo, aliposafiri kwenda Ulaya na ujumbe mkubwa kujifunza utulivu wa wenzetu. Katika uwanja wa ndege wa huko, akikimbilia duka la manukato, alimkanyaga mzungu mmoja kidoleni. Alimkanyaga barabara, kwa uzito wote wa ofisi yake.

Mzungu akasema, "Sori."

Waziri alisimama. Hakuamini masikio yake. Aliyekanyagwa ndiye aliyesema sori! Akarudi nyuma, akamkanyaga tena kwa ajili ya utafiti.

"Sori," akasema mzungu, na safari hii akasogea.

Muda uliobaki wa ziara Mheshimiwa aliutumia kulifuatilia neno hilo kama mwindaji anavyofuata nyayo. Aliona ya ajabu. Wenzetu wakitaka kupita, husema sori. Wasiposikia vizuri, sori. Wakikunyima kitu, sori. Msibani, sori. Wakitaka kuanza ugomvi, huanza na sori. Alimwona mmoja akijigonga kwenye mlango wa kioo, akauambia mlango sori. Na katika sori zote hizo, Mheshimiwa hakumwona hata mtu mmoja akivua viatu.

Aliporudi alihutubia Bunge.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "wenzetu wameendelea kwa sababu neno moja la kwao linafanya kazi ya maneno manne. Sisi maneno yetu manne hayafanyi hata kazi ya neno moja. Huu ni ubadhirifu wa ulimi! Kuanzia leo serikali yenu haina tena pole, haina samahani, haina radhi, wala haina nisamehe. Ina sori. Na sori, waheshimiwa, si neno. Sori ni huduma!"

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika. Spika akaiambia meza sori, na huo ukawa mwanzo wa utekelezaji.

*

Huduma ilifika haraka. Nilisema nchi ilikuwa nzuri.

Watumishi wote wa umma walipelekwa semina chini ya Bwana Chitete, Afisa Itifaki wa Waziri, kijana mwembamba mwenye tai pana. Aliwafundisha kwamba neno ni moja ila sauti ni nyingi. Sori ya kupanda, mkono sikioni, ni ya kumfanya mwananchi aanze upya maelezo yake mpaka achoke. Sori ya kushuka, macho chini, ni ya misiba na mafuriko. Sori fupi ni ya dirishani, inasemwa wakati dirisha linafungwa. Sori ndefu, mkono kifuani, ni mbele ya kamera tu, na asiye na cheo haruhusiwi kuitoa.

Baada ya muda mfupi hapakuwa na upungufu wa kitu nchini. Hospitali haikuwa na dawa, lakini ilikuwa na sori. Mabomba yalikohoa hewa, na juu ya kila bomba palibandikwa sori ya rangi ya buluu. Mwalimu akikosa kuja darasani, watoto walikuta sori ubaoni, wakaifanyia imla. Barabara ya mtaa wetu iliposombwa na mvua, serikali ilituma lori zima la vibao vya sori. Tuliwasha jiko kwa vibao hivyo muda mrefu, kwa hiyo siwezi kusema hatukufaidika.

Majumbani tu ndiko huduma ilikokwama. Mume wa jirani yangu, dereva wa Wizara, alirudi nyumbani alfajiri akamwambia mkewe sori, tena ile ya kushuka, macho chini, vizuri kabisa kama alivyofundishwa. Mkewe akamuuliza, "Sori ndiyo jina lake?" Yule baba alilala varandani mpaka alipokumbuka neno la zamani, akavua viatu.

*

Sasa nije kwenye shimo.

Pale soko la Bonde, Wizara ilichimba shimo la tangi la maji. Ilichimba kwa shangwe, na ngoma, na Waziri akapiga jembe la kwanza kwa glovu nyeupe. Shimo likaenda chini urefu wa watu wawili, na udongo wake ukarundikwa kando, ukawa kilima kirefu kuliko paa za vibanda. Kisha siku moja mafundi hawakuja. Kesho yake hawakuja. Kilichokuja ni kibao: MALI YA SERIKALI. SHIMO NA UDONGO WAKE VISIGUSWE. SORI.

Wanaume wawili wa sokoni walioanza kulifukia kwa hiari yao walikamatwa kwa kosa la kuhujumu maendeleo. Walikaa ndani mpaka ndevu zikawaota. Baada ya hapo tulilizunguka shimo kama watu wanavyomzunguka ng'ombe mkali.

Mama Sikudhani alikuwa na meza yake hapo sokoni, akiuza viatu vya mitumba. Mwanawe Sikudhani alikuwa binti wa darasa la nne, mbio kama sungura, mshindi wa kuruka kamba mtaa mzima. Jioni moja ya mvua, maji yalikuwa yamejaa kila mahali, shimo na njia vikawa sura moja. Sikudhani alikwenda kumpokea mama yake kikapu. Akakanyaga mahali ambapo hapakuwa mahali.

Tulimtoa. Nashukuru kwamba tulimtoa. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika, na hospitali ya wilaya haikuwa na jasi ya kufungia mfupa. Nesi alikuwa binti mwema, macho yamemjaa machozi, akasema sori kwa sababu ndiyo dawa pekee aliyopewa kabatini. Mguu uliunga wenyewe, ukaunga vibaya. Sikudhani akaanza kutembea kwa kuchechemea, bega moja juu, jingine chini. Viatu vyake, kimoja kiliisha soli upande, kingine kilibaki kipya. Mama yake, ambaye kazi yake ni viatu, alikuwa akivitazama viatu hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua meza.

Akaenda kutafuta mtu wa kusema, "Ni mimi niliyeliacha shimo wazi." Hakutaka zaidi ya hayo mawili: mtu huyo, na shimo lifukiwe kabla mtoto mwingine hajaingia.

Ofisi ya kata ilimpa sori fupi. Ya wilaya ilimpa fupi zaidi, maana dirisha lao ni jipya na linateleza. Mwishowe akajisimamisha mbele ya gari la Waziri mwenyewe langoni mwa Wizara, na kioo cha nyuma kikashuka kiasi cha pua.

"Mheshimiwa, mwanangu Sikudhani ametumbukia kwenye shimo lenu la Bonde. Mguu umepinda. Nani aliyewaondoa mafundi?"

"Sori?" alisema Waziri, sauti ikipanda, mkono sikioni.

Mama Sikudhani akaeleza tena tangu mwanzo: mvua, kikapu, mguu, jasi. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayefunga kamba za kiatu.

"Sori," alisema Waziri, sauti ikishuka. Kioo kikapanda.

Mama Sikudhani hakulia. Alisimama pale mpaka vumbi la gari likatulia, kisha akasema peke yake, lakini askari wa lango alisikia, naye ndiye aliyetusimulia: "Haya. Nawe utapanda mahali, baba. Na kila apandaye hushuka."

*

Haukupita muda, Mkuu wa Nchi akatangaza kwamba amechoka kutawala. Wengine wote tulikuwa tumechoka kabla yake, lakini hatukuwa na pa kutangazia. Chama kikamteua Mheshimiwa Ngwale kukalia kiti chake.

Hapa lazima nieleze mila moja, maana bila hiyo hamtaelewa. Katika nchi hiyo hakuna mtu anayeweza kukalia kiti cha ukuu kabla hajasimama kigodani. Ni kigoda cha kawaida cha miguu mitatu, kinatunzwa na mwanamke mmoja, na siku ikifika yeye ndiye anayekiweka mahali pa juu sokoni. Mtawala mpya hupanda, akawauliza watu, "Nimemkosea nani?" Watu hujibu, "Shuka, tumekuwia radhi." Hapo hushuka, akaenda kuapishwa. Akishuka kabla ya kuambiwa, ameshuka mtu wa kawaida, na kiti hakipati tena. Akiwa juu hakuna ruhusa ya kumgusa, maana amgusaye amejitwika makosa yake yote. Na ardhi yote ya hapo, mpaka sauti yake inapofika, ni ya wananchi mpaka atakaposhuka. Askari hana amri juu yake.

Wakoloni waliiacha mila hiyo ibaki kwa sababu ilipendeza kupigwa picha. Serikali ya uhuru ikaiacha kwa sababu haikuwahi kumdhuru mtu. Siku zote watu walijibu "Shuka!" haraka haraka, maana jua lilikuwa kali na baadaye kulikuwa na pilau.

Mtunza kigoda alikuwa Bi Msiwa, mjane mkavu mwenye meno mekundu ya tambuu, aliyekuwa kiziwi kwa wageni na mwenye masikio mazuri kwa wengine. Mama Sikudhani alimwendea uani kwake. Nami nilikuwepo, nikimchambulia mchele.

"Shangazi, kigoda safari hii kinawekwa wapi?"

"Yule mtoto mwenye tai pana kaja. Anataka uwanja wa mpira. Juu ya jukwaa, chini ya feni."

"Na mila inasemaje?"

"Mila inasema sokoni, mahali pa juu."

"Basi soko la Bonde pa juu ni mahali pamoja tu, Shangazi."

Bi Msiwa aliacha kutafuna. Akafikiria kilima cha udongo, na kilicho kando ya kilima. Kisha akatema mate mekundu mbali sana kwa umri wake.

"Wewe mwana," akasema, "ungezaliwa mwanamume ungenyongwa zamani."

"Udongo wa chini ya kigoda siku hiyo ni wa nani?"

"Wa watu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ashuke." Bi Msiwa akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu. "Mpaka ashuke, mwanangu. Na mimi huwa sina haraka."

Bwana Chitete alipoambiwa kigoda kitawekwa juu ya kilima cha udongo, alijaribu kukataa. Alikuta Bi Msiwa ni kiziwi siku nzima. Basi, kwa kuwa kila tatizo la itifaki lina kitambaa chake, akatandika zulia jekundu kutoka chini ya kilima mpaka juu, na shimo akalifunika kwa turubai la kijani lililochorwa nyasi na vipepeo. Kwenye televisheni lilionekana bustani. Watu wa mikoani waliliona wakatuonea wivu.

*

Siku ikafika. Soko lilijaa. Mbele kabisa walikaa wanawake wa Bonde kwenye mikeka, wengi kuliko kawaida, wamejifunga kanga mbili mbili, wanene kidogo viunoni. Bwana Chitete alifurahi kuona akina mama wameitikia. Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa juu ya ngazi yake, akieleza nchi nzima jinsi jua lilivyojitokeza kumlaki Mheshimiwa.

Mheshimiwa Ngwale akapanda zulia, akapanda kilima, akapanda kigoda. Alikuwa na suti nyeusi na viatu vya ngozi vilivyong'aa. Kutoka huko juu aliweza kuona paa zote za vibanda, na nina hakika zilimpendeza, maana huonekana vizuri kutoka juu.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Mababu walituachia swali. Nimemkosea nani? Ni swali zuri, lakini ni refu, na linaelekea kutaka jibu. Serikali ya kisasa haiulizi. Serikali ya kisasa inatoa huduma. Kwa hiyo, kwa yeyote, popote, kwa lolote," na hapo akaweka mkono kifuani, akaitoa ile ndefu, ya kamera, "sooori!"

Akasubiri aambiwe shuka. Alikuwa amekwisha kuinua kisigino.

Mama Sikudhani alisimama kutoka mkekani. Akaweka mkono sikioni.

"Sori?" akauliza, sauti ikipanda.

Waziri akashusha kisigino. "Nimesema sori."

"Sori?" akauliza mwenye meza ya nyanya, naye mkono sikioni.

"Sori?" likauliza soko zima.

Mtangazaji akaieleza nchi kwamba wananchi, kwa mapenzi yao, wanamwomba Mheshimiwa arudie. Mheshimiwa akarudia. Alitoa ya kushuka, macho chini. Alitoa tena ile ndefu. Kwa bahati mbaya, kwa mazoea, alitoa hata ile fupi ya dirishani. Watu walikuwa wanasikiliza kwa makini sana, mikono masikioni, na hakuna aliyesema shuka.

"Nani kawapanga hawa?" Waziri alimnong'oneza Chitete. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kwa hiyo alitunong'oneza sote.

Ndipo Mama Sikudhani akafungua kanga yake ya nje. Kiunoni alikuwa amejifunga koleo lisilo na mpini. Mpini aliuchomoa chini ya mkeka. Na wanawake wote wa mbele wakafungua kanga, wakatoa majembe, koleo, masufuria, sahani za bati. Wawili walilishika turubai la kijani wakalivuta, na vipepeo wote wakaondoka. Shimo likafunguka mdomo mbele ya nchi nzima.

"Mali ya Serikali hiyo!" alipiga kelele kamanda wa polisi, akakimbilia kilimani.

"Leo ni yetu, afande," alisema Bi Msiwa, ambaye alikuwa amekaa chini ya kilima akikunja tambuu. "Mpaka huyu ashuke. Ukitaka tuache, mshushe. Mguse tu, baba. Mabomba, jasi, shimo na yote mengine, beba hapo mgongoni uende nayo kwa mkeo."

Kamanda akasimama. Akamtazama Mheshimiwa. Unaweza kumwona mtu akipima mzigo, na kamanda alipima.

"Sori, Mheshimiwa," akasema, akapiga saluti, akarudi kivulini.

"Chitete!" akaita Waziri. "Chitete, nipe mkono!"

Bwana Chitete alikuwa ameweka mikono yote miwili mfukoni. "Sori, Mheshimiwa," akasema, tena kwa sauti sahihi kabisa.

Basi wanawake wakafukia. Hawakugusa kigoda, wala hawakumgusa aliye juu yake. Bonde ni watu wa mila. Walichota pembeni, na kilima kikawa kinajishusha chenyewe, kama uji unavyoshuka sufuriani ukichotwa kando. Kila sufuria ya udongo iliyoingia shimoni, Mheshimiwa alishuka kidogo, bila kushuka. Kwanza akawa sawa na paa. Kisha sawa na madirisha. Zulia jekundu liliingia shimoni nalo, likasaidia kujaza.

"Mheshimiwa anaendelea kusimama imara," alieleza mtangazaji, ambaye alikuwa na watoto sita na alihitaji kazi yake, "ingawa kwa sasa amesimama chini kidogo."

Alipokuwa sawa na mbao za meza za nyanya, Mheshimiwa aliangalia saa yake. Kule ikulu kiti kilikuwa kinasubiri, na wageni, na bendi. Akatazama shimo, ambalo lilikuwa karibu kujaa. Akamtazama Mama Sikudhani, ambaye kanga yake ilikuwa imelowa jasho na hakuwa ameacha kuchota hata mara moja. Kisha yakamtoka.

"Ni mimi," alisema.

Majembe yakasimama.

"Ni mimi niliyewaondoa mafundi. Niliwapeleka kwangu wakanijengee bwawa la samaki. Nilisema wangerudi, halafu nikasahau. Nimekosa. Nisameheni."

Yule mama wa nyanya alijifuta macho. Sisi ni watu wepesi. Neno hilo tulikuwa hatujalisikia kutoka juu tangu tuzaliwe, na lilitupata vibaya. Mimi mwenyewe nilihisi "shuka" ikinipanda kooni. Hata Bi Msiwa alikuwa amefungua mdomo.

"Ngojeni," alisema Mama Sikudhani. Alichomeka koleo chini, akamsogelea Waziri mpaka macho yao yakawa karibu sawa, maana kilima kilikuwa kimebaki kama kichuguu. Akanyoosha kidole kwa mwanawe, aliyesimama kando ya meza ya viatu, bega moja juu, jingine chini.

"Nilikueleza mara mbili langoni kwako. Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mheshimiwa alimtazama mtoto. Alitazama mguu. Akainama kidogo, na mkono wake, wenyewe tu, kwa mazoea ya miaka, ukapanda sikioni.

"Sori?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama wa nyanya alichukua tena sahani yake ya bati. Wanawake walimaliza kichuguu kilichobaki, wakasawazisha udongo kwa visigino, wakakunja mikeka, wakajitwisha, wakaondoka. Walipita mbele ya Waziri mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa sori yake: wengine fupi, wengine ndefu. Mtangazaji alitangaza muziki.

Mheshimiwa Ngwale alibaki juu ya kigoda, na kigoda kilikuwa juu ya ardhi tambarare, na soko likamalizika kama masoko yanavyomalizika. Alisubiri. Jua lilimchoma shingo. Kule ikulu bendi ilikunja vyombo. Mwishowe aliangalia huku na huku, akashusha mguu wa kushoto.

Lakini udongo mbichi haujui cheo. Ukamshika kifundoni. Alivuta, akavuta, mguu ukatoka na soksi, kiatu kikabaki. Hakuinama kukitafuta, maana mpiga picha alikuwa bado yupo. Akaenda zake hivyo, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, bega moja juu, jingine chini, mpaka mwisho wa mtaa.

Sikudhani alimtazama muda mrefu.

"Mama, anatembea kama mimi."

"Hapana," alisema mama yake. "Yeye akifika kwake atavua na hicho kingine, atembee sawa."

*

Wizara ilitoa taarifa kwamba mradi wa shimo la Bonde umekamilika kwa mafanikio. Ikaleta kibao. Kiti cha ukuu kilipewa mwingine, ambaye kabla ya kupanda kigoda alituma watu waulize majina ya watoto wote wa mtaa, akayakariri. Tutaona.

Kiatu Mama Sikudhani alikichimbua kwa koleo lile lile. Alikisafisha, akakipaka rangi, akakitundika katikati ya meza yake, cha kushoto, peke yake, kinang'aa. Wateja huuliza kama kinauzwa. Asubuhi moja alikuja Bwana Chitete, siku hizi anafanya kazi kwa mkuu mpya, lakini fadhila za zamani zilikuwa zimemtuma.

"Mama, yule mzee anaomba kiatu chake. Anasema tu umrudishie, yaishe."

"Sori," alisema Mama Sikudhani, akiendelea kupiga brashi.

Bwana Chitete alisikiliza kwa makini. Haikupanda, haikushuka. Haikuwa fupi wala ndefu. Alikuwa mtaalamu, na hakuitambua.

"Sori ipi hiyo, mama?"

"Chagua mwenyewe, mwanangu. Semina si ulitoa wewe?"

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Kama imekufaa, ni yetu sote, chukua nusu. Kama imemuudhi mkubwa yeyote, popote, kwa lolote: sori.